Msitu Hauna Kioo cha Maji

Ukiingia Bomani leo, katika mji wa Tarime, utasikia mashine za kuranda zikilia kutoka karakana hii hadi ile, na utadhani mbao zimekuwapo hapa siku zote. Hazikuwapo. Nilipokuwa mtoto, miaka ya 1960, kenchi za nyumba nyingi za mji ule zilipasuliwa na watu wawili wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini yake, wakivutana msumeno tangu umande haujakauka hadi jua la saa sita.

Baba yangu alikuwa seremala, na mimi ndiye niliyetumwa kwa wapasuaji kuuliza mbao zimefikia wapi, kwa hiyo kazi ile niliiona kwa karibu. Gogo liliegeshwa juu ya mihimili, mahali penye mteremko, ili chini yake pabaki nafasi ya mtu kusimama. Walichukua betri za redio zilizokufa, wakaziponda, wakachanganya ule unga mweusi na maji, wakachovya uzi. Uzi ukavutwa kutoka kichwa cha gogo hadi mwisho, mmoja akaunyanyua katikati kwa vidole viwili na kuuachia, pa! Ukabaki mstari mweusi ulionyooka kabisa. Wa juu ndiye aliyeufuata mstari ule, na sifa zilikuwa zake. Wa chini alivuta huku amefumba jicho moja, maana unga wa mbao ulimmwagikia usoni, shingoni na kifuani. Sijaona kazi nyingine ambayo watu wawili wanalipwa sawasawa na mmoja wao hapati hata kuona anachokifanya.

Gogo nene liliweza kula siku nzima na kubakiza. Mteja aliyetaka kuezeka bati kabla ya mvua za masika alipaswa kuanza kumbembeleza baba mapema, na baba naye kuwabembeleza wapasuaji. Siku moja nilimuuliza kwa nini sisi hatuna mashine ya mvuke ya kupasua magogo, kama ile aliyokuwa akitusimulia mjomba aliyefanya kazi Kenya. Jibu lake lilikuwa fupi: "Wangeipitishia wapi, mura?"

Jibu hilo nimelielewa vizuri zaidi uzeeni, baada ya kusoma jinsi mvuke ulivyoingia Tanganyika. Wajerumani walianza kujenga reli ya Usambara kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, na ilipopita reli ndipo viwanda vya mbao vilipoota. Kampuni ya Wilkins & Wiese ilipata msitu wa mitarakwa huko Shume, juu milimani, mahali ambapo wenyewe walipaita Neu-Hornow. Mti ulikuwa juu na reli ilikuwa bondeni, Mkumbara. Basi kampuni ya Bleichert ya Leipzig ikawajengea njia ya kamba za chuma zinazopita hewani, urefu wa karibu kilomita 9, ili mzigo ushuke hadi stesheni. Upande wa Amani ilijengwa reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Sigi, karibu kilomita 23, na mbao zilikuwa sehemu kubwa ya mzigo wake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Steel Brothers nao wakaingia Rondo, mkoani Lindi, wakifuata mvule.

Sasa linganisha na kwetu. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Kutoka hapo mzigo wa Tarime ulipanda meli hadi Musoma, ukashushwa, ukapakiwa kwenye lori, ukafika Mto Mara na kusubiri pantoni pale Kirumi, kwa sababu daraja halikupatikana hadi miaka ya 1980. Na huku juu hakukuwa na msitu wa kumshawishi tajiri yeyote. Kulikuwa na malisho, mashamba ya wimbi, migomba, kahawa, na miti ya hapa na pale kandokando ya mito. Nani angevusha boila la tani kadhaa kwa pantoni ili aje apasue miti ambayo haipo?

Kwa kuwa mashine haikutufuata, sisi ndio tulioifuata. Vijana wa Kikurya walivuka mpaka wa Kenya kwenda kuchuma chai Kericho, kuingia jeshi, kulinda maghala, na wengine kupasua mbao katika misitu ya Mau. Mimi nilivuka Sirari mwaka 1971, nikiwa na anwani ya mjomba kwenye kipande cha karatasi na tupa ya baba ya kunolea msumeno. Siku hizo mpaka haukuwa jambo. Mtu alivuka asubuhi kwenda Isebania kununua sukari, akarudi kunywa chai kwake.

Kiwanda nilichofikia kilikuwa juu ya Olenguruone, pembeni mwa msitu. Kusema kiwanda ni kukikweza. Lilikuwa banda la bati lisilo na kuta, na ndani yake reli fupi, kitoroli cha kubebea gogo, na msumeno wa duara ambao kipenyo chake kilinifika kifuani. Kando ya banda, chini ya kipaa chake chenyewe, ndipo ilipokaa injini. Kwenye boila kulikuwa na kibao cha shaba kilichoandikwa Marshall, Sons & Co., Gainsborough. Iliwahi kuwa na magurudumu manne ya chuma, maana injini za namna hiyo zilitengenezwa ili zikokotwe na maksai au trekta kutoka shamba hadi shamba. Magurudumu yalikuwa yameng'olewa na injini ikajengewa matofali, isiende tena popote.

Ilivyofanya kazi haikuwa siri. Moto uliwashwa mbele, moshi wake ukapita ndani ya mabomba marefu, na maji yalikuwa yameyazunguka mabomba hayo. Mvuke ulipanda juu, ukaingia kwenye silinda moja iliyokaa mgongoni mwa boila, ukasukuma pistoni kwenda na kurudi, na pistoni ikazungusha gurudumu zito kuliko watu kumi. Kutoka kwenye gurudumu hilo mkanda mrefu wa turubai ulivuka banda hadi kwenye puli ya msumeno. Gogo lilipoanza kuliwa, injini ilishusha pumzi, ikahema kama ng'ombe anayepanda mlima na mkokoteni, kisha ikazoea. Dizeli hulia sauti moja tangu asubuhi hadi jioni. Mvuke husikika unapochoka.

Na kilichonishangaza mimi, mtoto wa seremala, ni chakula chake. Injini ile haikununuliwa kuni. Ilikula mabanzi, yaani yale maganda ya gogo yanayobaki baada ya kulisawazisha kuwa la pembe nne, pamoja na vipande vilivyopasuka vibaya na unga wa msumeno uliokauka. Katika gogo la duara, sehemu kubwa haigeuki kuwa mbao. Kwetu Bomani sehemu hiyo ilikuwa kero na sababu ya kugombana na majirani. Kule ilikuwa ndiyo mishahara yetu. Kiwanda kilijilisha kwa makombo yake chenyewe, na mtu aliyeyapanga mabanzi vizuri, makavu mbele na mabichi nyuma, aliheshimiwa sawa na mshika msumeno.

Mwishoni mwa mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilianza kupanda, na katika miezi michache ikawa karibu mara nne ya ilivyokuwa. Viwanda jirani vilivyokuwa vimebadili kwenda dizeli, vikitucheka sisi wa moshi, vilianza kufanya kazi nusu siku. Tajiri wetu, mzee wa Kikalasinga ambaye alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya injini ya dizeli, aliacha kuulizia. Sisi tuliendelea kupiga honi saa moja asubuhi kama kawaida. Wanaosema mvuke ulikufa kwa sababu ulikuwa duni wanarahisisha mambo. Ulikufa kwa sababu ulihitaji mtu wa kuamka saa kumi alfajiri.

Mtu huyo kwetu alikuwa mzee mmoja ambaye wote tulimwita Mzee wa Boila. Alikuwa amefanya kazi relini zama za injini za kuni, kabla reli haijahamia mafuta mazito, na alikuwa na tabia zote za watu wa reli: saa mfukoni, kitambaa begani, na hasira kwa mtu yeyote anayekimbia karibu na mashine. Baada ya kunijaribu kwenye magogo aliniomba kwa nyapara niwe msaidizi wake. Sababu aliyotoa ni kwamba mimi si msemaji.

Kuwasha boila lililopoa kulichukua saa mbili hadi tatu. Ukilazimisha, bamba moja linapanuka kabla ya jingine na viungo vinaanza kuvuja. Kwa hiyo tulianza gizani, kwa moto mdogo, na muda wote ule mzee alikuwa akitazama kitu kimoja tu. Ubavuni mwa boila kulikuwa na bomba la kioo, nene kiasi cha kidole gumba, lililosimama wima kati ya vifundo viwili vya shaba. Kifundo cha juu kilifunguka kwenye mvuke, cha chini kwenye maji, kwa hiyo maji ndani ya kioo yalisimama usawa uleule wa maji yaliyo ndani ya boila. Hicho ndicho kioo cha maji. Ndani ya boila huwezi kuchungulia, na kioo ndicho kinachokuambia umebakiwa na kiasi gani.

Aliniuliza siku ya kwanza: "Ukikuta kioo kitupu, utafanya nini?"

Nikajibu haraka kwamba nitaongeza maji.

"Basi umetuua sote," akasema, wala hakupandisha sauti. Akanieleza. Maji yakishuka sana, paa la tanuri hubaki bila maji juu yake, na moto hulipasha hadi linakuwa jekundu na laini. Ukimwaga maji ya baridi wakati huo, yanageuka mvuke kwa mara moja juu ya chuma kilichokwisha kudhoofika. Kioo kikiwa kitupu, unaanza kwa kutoa moto. Unauvuta wote nje kwa reki, unafunga mlango wa hewa, unaondoka pale na kungoja. Paani mwa tanuri mna plagi iliyojazwa madini ya risasi. Maji yakikosekana, risasi huyeyuka na mvuke hushuka kuudhoofisha moto. Nilipomuuliza kama plagi hiyo haitoshi, alicheka. Plagi ikiyeyuka, alisema, yeye atakuwa ameshafukuzwa kazi.

Lakini somo lenyewe, lile ambalo nimekaa nalo hadi leo, lilikuja baadaye, asubuhi moja ya mvua. Msumeno ulikuwa umeshaanza. Kioo kilionyesha maji katikati, pazuri kabisa. Mzee alikitazama, akasogea, akakitazama tena, akanishika bega. "Unaona nini?" Nikasema maji yako nusu. "Yanafanya nini?" Sikumwelewa. Hayakuwa yakifanya chochote. Yalikuwa yametulia.

Hapo ndipo alipopiga kelele kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Boila likiwa kazini, maji ndani yake yanachemka na kurukaruka, kwa hiyo hata ndani ya kioo hayatulii. Hupanda kidogo na kushuka kidogo, yakitikisika kila pistoni inapovuta. Kioo kilichotulia kimeziba. Alifungua bomba dogo la chini la kukisafishia, maji yaliyokuwamo yakamwagika, kisha tukangoja yapande upya. Hayakupanda. Tope la kijito lilikuwa limeziba kifundo cha chini, na tulichokuwa tukikitazama kwa raha ni maji ya zamani yasiyohusiana tena na boila.

Akasimamisha kazi. Tajiri akaja juu, kwa kuwa lori lilikuwa likisubiri mzigo wa kwenda stesheni ya Elburgon. Mzee alikuwa ameshainama mlangoni mwa tanuri akivuta makaa nje, na hakugeuka kumjibu. Tulivuta moto wote, tukaacha boila lipoe, tukafungua vifundo, tukazibua kwa waya. Tulipopima, maji ndani yalikuwa yamebaki vidole vichache juu ya paa la tanuri. Lori liliondoka tupu siku ile. Tajiri, ambaye hakuwa mpumbavu, alikuja jioni na kumpa mzee blanketi jipya bila kusema neno.

Tangu hapo ilikuwa kazi yangu kukijaribu kioo kila asubuhi kabla ya honi: kukimwaga, kuona kinajaa, kukimwaga tena. Na kila baada ya muda boila zima lilizimwa, likafunguliwa vifuniko vyake, tukaingiza mikono na kukwangua tope na ukoko wa chokaa. Mkaguzi wa serikali naye alikuja kwa vipindi vya sheria, akagonga mabamba kwa nyundo ndogo akisikiliza mlio, akasaini kwenye daftari. Hata Tanzania leo boila haliruhusiwi kufanya kazi hivihivi. OSHA, wakala wa serikali wa usalama mahali pa kazi, hulikagua chini ya sheria namba 5 ya mwaka 2003.

Nimekaa sana kwenye boila kwa makusudi, kwa sababu upande wa pili wa banda, msituni, hakukuwa na kitu cha namna ile.

Magogo yalikuja. Ndivyo tulivyolisema jambo hilo, kana kwamba yalijileta. Mitarakwa na mipodo mikubwa ilikuwa inakwisha, na tulikuwa tumeanza kupasua misaiprasi iliyopandwa na serikali ya kikoloni. Chini yake familia za wafanyakazi ziliruhusiwa kulima mahindi na viazi kwa sharti la kuitunza miche mpaka iwafunike. Mpango huo wa mashamba ndani ya msitu ulianza Kenya mwaka 1910, na ulipofuatwa sawasawa ulifanya kazi. Mti ulikatwa, mkulima akaingia, miche ikapandwa, mkulima akahama. Msaiprasi wa mbao ulihitaji kama miaka thelathini. Mtu aliyepanda akiwa kijana aliweza kuuona ukikatwa akiwa babu.

Ila kila nilipopelekwa kuhesabu visiki, niliona sehemu ambazo mkulima aliingia na hakuhama, na nyingine ambazo miche ilikufa na hakuna aliyerudia. Katika ofisi moja niliyotumwa kupeleka karatasi, ramani ya msitu ilikuwa imebandikwa ukutani, kijani kizuri, mipaka imechorwa kwa wino mwekundu. Ilikuwa ramani ileile tangu nilipofika hadi nilipoondoka. Haikutikisika. Mzee wa Boila angeiona, angejua mara moja kuwa imeziba.

Niliacha kazi mwishoni mwa mwaka 1976 kwa sababu baba alikuwa anaumwa. Nilikuwa Bomani miezi michache tu pale Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa Tarime kufungwa huko kulikuwa na maana ya pekee, kwa kuwa soko letu, dawa zetu, sabuni yetu na mbao zetu nyingi vilikuwa upande wa pili. Magendo yalikuwapo, sitaki kudanganya, lakini nani anabeba mbao za futi kumi na mbili kichwani usiku akikwepa askari? Wapasuaji wa msumeno wa mkono, waliokuwa wameanza kuzeeka na kusahaulika, wakarudi kazini. Katika miaka ile niliwaona watu wakifukiwa na mikeka badala ya majeneza, na vijiji vilivyoanzishwa na Operesheni ya 1974 ya kuwahamishia watu vijijini vikikaa na madarasa yasiyo na kenchi.

Kusini mwa nchi mambo yalikuwa tofauti. Sao Hill, wilayani Mufindi, majaribio ya kupanda miti yalianza mwaka 1939, na miaka ya 1970 serikali ilipanda kwa wingi kiasi kwamba sasa ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali. Shirika la viwanda vya mbao, TWICO, liliundwa mwaka 1971. Kanda yetu ilikuwa na Rubya kule Ukerewe na Buhindi kule Sengerema. Ndani ya Mara hatukuwa na shamba la kutajwa pamoja na hayo. Mbao ya Mufindi ilipofika Tarime ilikuwa imesafiri hadi bei yake imechoka.

Mpaka ulipofunguliwa nilirudi Olenguruone kuwasalimia. Banda halikuwapo. Injini iliuzwa chuma chakavu, niliambiwa, na Mzee wa Boila alikuwa amekwenda kwao. Nilichokumbuka kwa uchungu zaidi kilikuwa kijito. Tulichota maji ya boila kwenye kijito kinachoteremka kuelekea mto Nyangores, na Nyangores ukikutana na Amala ndio Mto Mara. Maji yaliyotoa tope lile kwenye kioo chetu ndiyo yanayopita Masai Mara, yakaingia Serengeti ambako nyumbu huyategemea kiangazi, yakateremka Nyamongo, yakapita Kirumi chini ya daraja na kumwagika ziwani karibu na Musoma. Mimi, mtu wa Tarime, nilikuwa nimelipwa mshahara kwa kukata kichwa cha mto ninaounywa mkiani.

Mwaka 2001 serikali ya Kenya iliondoa zaidi ya hekta 60,000 katika hifadhi ya Mau na kuzigawa. Baadaye ikaja miaka ya kuwatoa watu kwa nguvu, kesi, na siasa. Februari 2018 serikali hiyo ikapiga marufuku ukataji katika misitu ya umma, marufuku iliyodumu hadi mwaka 2023. Kwa hiyo mkondo uligeuka: malori ya mbao kutoka Mafinga na Njombe yakawa yanavuka kwenda Kenya, ambako sisi tulikwenda kujifunza kupasua. Hilo limenichekesha mara nyingi.

Na Tarime yenyewe je? Miti ipo, na hili ni jambo la kujivunia. Watu wamepanda wenyewe, bila ramani ya ukutani: mikaratusi na migrevilea kutoka Australia, misaiprasi ambayo asili yake ni Mexico na Guatemala, ile iliyonusurika na vidukari vilivyovamia Afrika Mashariki kuanzia mwisho wa miaka ya 1980. Na mashine nazo zimefika. Dingdong, ile mashine ndogo ya msumeno wa duara inayobebwa kwenye kirikuu, inaingia hadi uani kwa mtu, inapasua miti yake asubuhi na kuondoka jioni. Haina honi, haina tanuri, haina mzee. Kijana anavuta kamba, injini inalia. Mabanzi anayaacha palepale, na mwenye shamba anayachoma moto ili yampishe.

Sitamani boila lirudi. Nimewahi kuona mkono uliounguzwa na mvuke, na sitaki kuuelezea. Lakini kuchoma mabanzi shambani ni ujinga unaogharimu. Kule Njombe, TANWAT, kampuni ya miwati iliyoanzishwa mwaka 1949, inachoma mabaki ya miti kwenye boila, mvuke unazungusha mtambo wa megawati 2.5, na umeme unaozidi unauzwa TANESCO. Viwanda vya chai Kericho vinakausha majani kwa mvuke wa mikaratusi hadi leo. Ni akili ileile ya Marshall yetu, ila imevaa koti jipya. Mji wenye karakana nyingi kama Tarime ungeweza angalau kukubaliana mahali pa kukusanyia mabanzi na maranda, wachoma matofali na waoka mikate wakajua pa kuyafuata.

Kibaya zaidi ni umri wa mti unaokatwa. Siku hizi dalali anakuja na pikipiki, anasimama mpakani mwa shamba, anatazama miti kwa macho tu na kutaja bei ya yote. Mikaratusi ya miaka minne inakwenda Nyamongo kuwa matimba ya kuzuia kuta za maduara ya wachimbaji wadogo. Ya miaka minane inapasuliwa kuwa mbili kwa nne. Nimezipokea mbao hizo karakanani. Unazipanga jioni zimenyooka, baada ya wiki zimejikunja, kwa kuwa mti haujakomaa na mbao haikuachwa ikauke. Fundi analaumiwa, fundi analaumu mashine, na dalali yuko shamba jingine. Mashine haina kosa. Msumeno unakata kilichowekwa mbele yake.

Basi ninalo ombi kwa mwenye miti, awe Nyamwaga, Sirari au Mugumu. Kabla hujapokea pesa ya dalali, chukua daftari la mtoto wa shule. Andika mwaka uliopanda. Chukua kamba na futi, pima mzunguko wa kila shina kwenye mita 1.3 kutoka ardhini, andika. Mwakani pima tena palepale. Mti ambao namba yake bado inapanda unakua, na kuuza leo ni kumpa dalali ukuaji wa miaka inayokuja bure. Uza kwa mita ya ujazo, usiuze kwa macho. Na dalali akikwambia daftari hilo linamchelewesha, mwache aende. Wanunuzi wengine wapo Sirari.